Kalkuleta, Excel au R: ujifunze mkengeuko sanifu kwa njia ipi?

Kibarazani kwangu, Ngamiani hapa Tanga, hupita watu wa aina tatu wanaotafuta kitu kimoja. Yupo kijana wa kidato cha sita ambaye mtihani umekaribia na mada ya takwimu bado inamtoa jasho. Yupo mwanachuo ambaye msimamizi wake amemrudishia utafiti umejaa wino mwekundu: wastani pekee hautoshi, weka na mkengeuko sanifu. Na yupo shangazi mmoja anayenunua dagaa kwa ndoo kwenye soko la samaki la Deep Sea na kuwapeleka Muheza na Korogwe. Huyu hana mtihani wala msimamizi. Anataka kujua tu kwa nini ile bei ya wastani aliyoiandika kwenye daftari lake haimkingi na hasara.

Wote huuliza swali lile lile. Nianze na kalamu na kalkuleta? Nianze na lahajedwali kama Excel? Au nijitose kwenye R au Python, zile lugha za kuandikia programu za kompyuta, kama wafanyavyo vijana wa siku hizi? Jibu langu hubadilika kwa kadiri ya aliyekaa mbele yangu, na haya ndiyo ninayoyapima kabla ya kumjibu.

Ninachokipima

Kwanza kifaa: una nini mkononi, na umeme au bando likikatika utaendelea? Pili, njia yenyewe inakufundisha nini kuhusu hesabu, au inakupa jibu tu? Tatu, inakuzoeza vipi kusoma michoro? Nne, inaficha makosa gani? Tano, itakuchukua muda gani mpaka uweze kufanya peke yako bila mtu wa kukushika mkono? Kigezo cha tatu ndicho ambacho watu hukiruka, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu mkengeuko unaokokotolewa bila mchoro ni sawa na kununua samaki aliyefungwa kwenye gazeti.

Tukubaliane na majina pia. Wapo wanaosema mkengeuko sanifu, wapo wanaosema mchepuko wastani. Kitu ni kimoja, yaani kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani wake. Jina lake la Kiingereza lilianzishwa na Karl Pearson katika mihadhara yake ya London mwaka 1893. Ndio mwaka ule ule mkonge ulipoingia pwani hii, ile miche 62 ya Richard Hindorf iliyosalimika safarini. Mambo hayo mawili hayahusiani hata chembe, ila tangu nianze kuyataja pamoja hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuusahau mwaka huo.

Namba za mfano nimezibuni mwenyewe: bei ya ndoo ya dagaa kwa siku tano, kwa maelfu ya shilingi. 18, 22, 20, 25, 15. Tutazipitisha kwenye njia zote tatu.

Kifaa na gharama

Kalamu na daftari havizimi. Kalkuleta ya sayansi ya Casio inapatikana kwenye steshenari yoyote ya mjini, na ukiitunza itakuvusha sekondari hadi chuo. Hapa kalamu haina mpinzani.

Lahajedwali si lazima iwe Excel ya kununua. LibreOffice Calc ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Google Sheets ni ya bure pia, na unaweza kuandika fomula hata kwenye simu, japo kuchora kwa kidole kwenye kioo kidogo kunahitaji subira ya mvuvi wa mshipi.

R na Python nazo ni za bure kabisa. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Ila bure hiyo inadai kompyuta. Usipokuwa na ya kwako unaweza kutumia Google Colab ndani ya kivinjari, lakini hapo unautegemea mtandao kila dakika. Mwanafunzi anayeazima kompyuta ya kaka yake saa mbili kwa wiki ajiulize vizuri kabla ya kushika njia hii.

Hesabu yenyewe

Kwa kalamu, mambo huenda hivi. Jumlisha namba zote: 100. Gawanya kwa 5, wastani ni 20. Kila namba itoe wastani: −2, 2, 0, 5, −5. Ukizijumlisha tofauti hizo unapata sifuri, na hapo ndipo mwanafunzi mzuri hushtuka: "Sasa mwalimu, mtawanyiko umeenda wapi?" Ndiyo sababu kila tofauti inazidishwa kwa yenyewe: 4, 4, 0, 25, 25. Jumla 58. Gawanya kwa 4, unapata 14.5. Kipeuo cha pili cha 14.5 ni 3.81. Basi, bei inacheza kwa takriban shilingi 3,810 kuuzunguka wastani wa 20,000.

Lakini mbona tumegawanya kwa 4 wakati siku ni tano? Swali hili kalamu haikuachi ulikwepe, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Siku tano ni sampuli tu ya siku nyingi ambazo hatukuziandika. Wastani wa 20 tumeutoa ndani ya namba hizo hizo, kwa hiyo namba zimekaa karibu nao kuliko ambavyo zingekaa karibu na wastani wa kweli wa mwaka mzima. Ukigawanya kwa 5 utapata mtawanyiko mdogo kuliko uliopo. Kupunguza kigawanyo kwa moja kunarekebisha upungufu huo. Marekebisho haya hutajwa kwa jina la Friedrich Bessel, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani. Kama siku hizo tano ndizo zote unazozihitaji na hutafuti kukisia nje yake, gawanya kwa 5: 11.6, kipeuo chake 3.41.

Shika namba hizo mbili, 3.81 na 3.41. Zitarudi.

Kwenye lahajedwali unaandika bei kuanzia A1 hadi A5, kisha =STDEV.S(A1:A5). Inatoka 3.81. Ukiandika =STDEV.P(A1:A5) inatoka 3.41. Herufi ya mwisho ndiyo inayoamua: S ni ya sampuli, P ni ya kundi zima. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa, na hujajifunza kwa nini. Hata hivyo nisiionee lahajedwali. Ukiamua kutumia safu tatu, moja ya bei, moja ya tofauti, moja ya tofauti zilizozidishwa kwa zenyewe, utaona hatua zote kama kwenye daftari, halafu unabadilisha 25 kuwa 45 na kutazama mkengeuko unavyoruka papo hapo. Mchezo huo kwenye karatasi ungekugharimu robo saa kila mara. Kwangu mimi, namna bora ya kuelewa jinsi namba moja ya mbali inavyouvuta mkengeuko ni hiyo, na ninajuta miaka niliyofundisha bila kuitumia.

Kwenye R unaandika x <- c(18, 22, 20, 25, 15), halafu sd(x), inajibu 3.807887. R hugawanya kwa n−1 sikuzote, n ikiwa ni idadi ya namba ulizonazo. Python ina tabia zaidi ya moja: ukitumia statistics.stdev unapata 3.81, ukitumia numpy.std bila kuongeza neno unapata 3.41, na pandas, kifurushi kingine cha Python, inarudi kwenye 3.81. Wanachuo wawili waliwahi kubishana kwenye kibaraza hiki karibu kugombana, kila mmoja akiwa na jibu lake na kila mmoja ana uhakika kompyuta haikosei. Wote walikuwa sahihi. Aliyewapatanisha alikuwa kijana wa kidato cha sita mwenye daftari, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kuna vigawanyo viwili.

Kusoma michoro

Hapa nakaa kidogo, maana shangazi wa dagaa ndiye aliyenifundisha mimi.

Daftari lake lilionesha wastani wa bei ya mwezi. Alinunua kwa matumaini ya wastani huo, na mara nyingi alikuta bei iko mbali nao. Tuseme siku kumi bei ilikuwa 12 na siku kumi nyingine ilikuwa 28, kwa maelfu. Wastani ni 20. Mkengeuko kwa n−1 ni 8.21. Umezoea kusikia kwamba takriban asilimia 68 ya namba huangukia ndani ya mkengeuko mmoja kutoka kwenye wastani, na kama 95 ndani ya miwili? Hiyo ni kweli kwa namba zilizojipanga kama kengele, nyingi katikati na chache pembeni. Za shangazi hazikujipanga hivyo. Katika mwezi mzima hapakuwa na hata siku moja bei iliyokuwa karibu na 20,000.

Mvuvi angekueleza sababu bila takwimu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza taa huwavuta, ndoo hujaa na bei hushuka. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, vyombo vingi hupumzika, bei hupanda. Ile ilikuwa misimu miwili ndani ya mwezi mmoja, na wastani ulikuwa umeichanganya kama maji ya chumvi na ya kisima.

Mchoro gani ungemwonesha? Histogramu, ule mchoro wa pau zilizogusana ambapo urefu wa pau ni idadi ya siku zilizoangukia kwenye kundi fulani la bei. Ungeona nundu mbili na bonde katikati. Mchoro wa kisanduku, ambao kisanduku chake hufunika nusu ya katikati ya namba, ulioenezwa na John Tukey katika miaka ya 1970, usingemwonesha: kisanduku kingeanzia 12 hadi 28, mstari wa mediani, yaani namba ya katikati, ungekaa kwenye 20, na lile bonde tupu lingefichwa ndani yake. Kisanduku ni kizuri unapolinganisha makundi mengi kwa mkupuo, kwa mfano bei za Deep Sea, Sahare na Pangani zikiwa zimesimama bega kwa bega. Umbo la kundi moja liulize histogramu.

Sasa, njia zetu tatu. Kwa kalamu utachora histogramu polepole, na polepole hiyo ni mwalimu: unalazimika kuamua kila pau ianzie wapi na kuishia wapi, kwa hiyo hutasahau maisha yako kwamba mchoraji ndiye aliyeamua. Ubaya ni kwamba namba zikifika mia mbili mkono utachoka kabla ya akili.

Excel tangu toleo la 2016 ina histogramu na kisanduku ndani yake. Google Sheets ina histogramu, ila haina kisanduku cha moja kwa moja. Hatari ya mashine hizi ni kwamba zinakuchagulia upana wa pau. Pau zikiwa pana mno, nundu mbili za shangazi zinakuwa kilima kimoja kinachopendeza. Badilisha upana mara tatu kabla ya kuamini unachokiona.

Kwenye R, hist(x) na boxplot(x) ni maneno mawili tu, na kubadilisha upana ni kuongeza namba moja. Kuna zawadi nyingine humo: andika anscombe, utapata jedwali la Francis Anscombe la mwaka 1973, seti nne za namba ambazo wastani na mikengeuko yake inalingana karibu kabisa. Zichore kwa nukta, seti moja moja. Moja ni mstari wenye mtawanyiko wa kawaida, nyingine ni tao, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, ya nne ni nukta zilizosimama wima na moja imekaa mbali peke yake. Nimeona watu wazima wakicheka kwa mshangao mbele ya michoro ile.

Makosa yanayovizia

Ya kalamu yanajulikana: kusahau alama ya kutoa, kukadiria wastani mapema mno, kusahau kipeuo cha mwisho na kubaki na 14.5. Ya kalkuleta ni ya hila zaidi. Namba za swali lililopita hubaki kwenye kumbukumbu na kuingia kwenye swali jipya, kwa hiyo zifute kwanza. Halafu soma alama vizuri: sx ni ya kugawanya kwa n−1, σx ni ya n. Kwenye mashine za zamani zimeandikwa xσn−1 na xσn.

Ya lahajedwali yanauma kwa sababu hayapigi kelele. Mtu wa Tanga huandika bei kama anavyoiandika kwenye risiti, 25,000/=, na kompyuta huisoma kama maneno. STDEV.S huruka maneno bila kusema kitu. Katika mfano wetu, ile 25 ikirukwa, mkengeuko unashuka kutoka 3.81 hadi 2.99 na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Dalili ni moja: namba hujipanga kulia kwa seli, maneno hujipanga kushoto. Tupia jicho safu nzima kabla ya fomula.

R hapa ni mkali. Penye pengo, sd hugoma na kukujibu NA, yaani namba haipo, mpaka useme mwenyewe na.rm = TRUE. Wanaoanza huuchukia ugomvi huo. Mimi naupenda, kwa sababu unakulazimisha ukiri kwamba siku fulani hukuandika bei. Tatizo la njia hii ni jingine: alama moja ya mkato ikikosekana unapata mistari ya Kiingereza ya kutisha, na wapo walioacha takwimu zote kwa kudhani hesabu ndiyo iliyowashinda, kumbe ni mkato.

Lipo kosa moja la njia zote. Visanduku havifanani. Kwa siku zetu tano, 15, 18, 20, 22, 25, R huchora kisanduku kutoka 18 hadi 22. Excel kwa mpangilio wake wa kawaida huchora kutoka 16.5 hadi 23.5, na kwa kalamu, ukikata katikati na kuiacha mediani nje, utapata 16.5 na 23.5 vilevile. Hakuna aliyekosea, kanuni za kutafuta robo, yaani kingo za kisanduku, ni zaidi ya moja. Namba zikiwa nyingi tofauti hupungua sana. Zikiwa tano huonekana waziwazi, na msimamizi mkali atakuuliza.

Muda

Kalamu: jioni mbili kwa anayejua kipeuo, na mazoezi ya wiki moja mkono uzoee. Lahajedwali: alasiri moja kwa fomula, siku chache kwa michoro inayosomeka. R au Python: hesabu ni dakika tano, kuizoea lugha ni mwezi au zaidi, na wiki mbili za kwanza hazina raha.

Kwa hali yako

Kama una mtihani wa karatasi, kaa na kalamu, kwa sababu alama zinatolewa kwa hatua. Tumia lahajedwali jioni kuhakiki majibu ya mazoezi, na hakikisha umechagua S au P sawasawa na swali. R isubiri matokeo yatoke.

Kama wewe ni mwanachuo mwenye dodoso mia moja na muda wa wiki tatu, lahajedwali inakutosha. Lakini kabla ya kuigusa, kokotoa mkengeuko mmoja wa namba tano kwa mkono, mara moja tu, ili msimamizi akikuuliza ulipoitoa 3.81 usimjibu "kwenye kompyuta". Na ukikuta kwenye machapisho pau zenye vijistari vya wima kichwani, soma maelezo chini ya mchoro kwanza. Huenda ni mkengeuko sanifu, huenda ni kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi wastani wenyewe unavyoweza kuyumba, na la pili daima ni fupi zaidi.

Kama data yako inaongezeka kila mwezi, labda unafuatilia mvua za shamba au kumbukumbu za zahanati, na utarudia hesabu ile ile mwaka mzima, vumilia zile wiki mbili za R au Python. Mwezi wa tatu utabonyeza mara moja na michoro yote itajichora. Kati ya hizo mbili, shika ile ambayo jirani yako anaijua, kwa sababu utakwama, na utakapokwama utahitaji mtu wa kumbishia hodi.

Kama huna kompyuta na hutarajii kuwa nayo karibuni, kalkuleta yenye hali ya takwimu pamoja na karatasi ya grafu vitakufikisha mbali. Nenda maktaba ya mkoa, meza ni pana na feni zipo.

Na kama uko kama shangazi, biashara mkononi na daftari kwapani, acha mashine zote kwa sasa. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika bei za siku za giza, upande wa pili za mbalamwezi, halafu kokotoa wastani na mkengeuko wa kila upande peke yake.